Mtoto wa Timbwani Asiyesema

Nimeficha jambo tangu nipate shahada, hadi juzi: mimi ndiye niliyekuwa yule mtoto wa Timbwani asiyesema. Nilitikisa kichwa na kuvuta leso za watu mpaka meno ya utotoni yakaanza kung'oka. Wanafunzi wangu, ambao kila siku huomba nimalize mhadhara, hawataamini. Lakini mjukuu wangu Kadzo naye hasemi, na babake alikwisha kuamua: asiandikishwe shule, akakae mashamba kwa wazee, na sanduku lake limeshafungwa.

Enzi zile za vita, sukari ikipimwa kwa kibaba, Timbwani yetu huko Likoni haikuwa na mtaalamu wa matamshi. Ilikuwa na majirani. Mamangu akipika mbaazi za nazi, hunipa bakuli lililofunikwa kwa kawa, nipeleke nyumba ya pili. Sharti walilipanga wao kwa wao: asipokee mtu mpaka nitamke neno, hata liwe bovu.

Mkali wao alikuwa Mama Mwaka. Siku moja nilimkuta barazani akipepeta mchele, harufu ya mbaazi ikimpiga puani, na uso hakuinua.

"Naona bakuli limekuja. Limekuja na nani?"

Nikamsogezea bakuli.

"Haya, mwanangu, tukae. Mimi sina safari."

Nilisimama mpaka bakuli likanilemea. Ndipo likanitoka: "Zito!"

Mama Mwaka alirusha ungo, mchele ukatapakaa, kigelegele kikatimua kuku. Mamangu akaja mbio akidhani nimemwaga mbaazi. Basi neno langu la kwanza duniani lilikuwa lalamiko, na sijaacha kulalama tangu hapo.

Siku hizi Kadzo ana mtaalamu mwenye kioo na picha za wanyama. Nashukuru, anajua mengi ambayo majirani zetu hawakuyajua. Lakini akirudi nyumbani Changamwe huzungumzishwa na televisheni, ambayo haimngoji ajibu, na vijana wa ghorofani husalimiana kwa nyusi.

Juzi binti yangu akapiga simu.

"Mama, mtaalamu auliza. Kwetu kuna aliyechelewa kusema?"

"Yupo."

"Nani?"

"Mimi."



"Wewe? Wewe huyu, mama?"

"Mimi huyu. Kamwambie mumeo."

Nikamsikia akiweka mkono wa simu mezani, kisha sauti yake ikatoka chumbani: "Baba Kadzo! Zitoe nguo za mtoto kwenye sanduku!"