Siku Mama Alipotazama Chini ya Maji

Mama hakukubali matanga yaanuliwe. Ndugu walikaa nasi Kizota, pembeni ya mji wa Dodoma, mpaka wakachoka, wakaaga mmoja mmoja, gunia la mtama likaisha, mwinjilisti akaja akasoma, akarudi akasoma tena, na mama bado yuko juu ya mkeka sebuleni kwangu, kanga kichwani, miguu kainyoosha. Ukimwambia yaliyopita yamepita, anakuuliza, "Kaburi liko wapi?"

Kaburi halikuwepo. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikufa maji Mtera, na bwawa halikumrudisha. Wavuvi walimtafuta kwa nyavu na ndoana wakakata tamaa. Maji ya kule ni ya udongo, ukitumbukiza mkono huvioni vidole vyako.

Wala hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya hapo hapo Kizota, mpaka ilipouzwa, mnunuzi akaja na watu wake. Miaka ile kila mtu alikuwa akisema ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua duka kibarazani kwako. Hatukuambiwa kwamba kulala njaa nako ni ruksa. Rafiki yake wa karakana alikuwa na mtumbwi Mtera, akamwambia njoo tukavue perege, na Mgogo wa watu, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya kwenye pipa, akaenda.

Kuna jambo mama hakuambiwa. Yule rafiki alipona kwa kuparamia mti mkavu, maana Mtera imejaa miti iliyofia ndani ya maji. Alinifuata ofisini, nilikokuwa mpiga chapa, akanivutia kwenye korido. Akasema mtumbwi ulipopinduka wavu ulimzonga mdogo wangu miguuni, akashikilia ubavu wa mtumbwi, akawa anaita. Aliita muda mrefu sana. "Dada, nilimsikia mpaka sauti ikamwisha," alisema. "Sikuweza kumfikia." Nikamwapisha kwamba maneno hayo hayatafika kwa mama. Kisha nikarudi kwenye mashine yangu nikachapa ukurasa mzima ambao hata mimi sikuuelewa.

Nilimwapisha kwa sababu mama alikuwa na swali la pili, na hilo ndilo lililowafukuza wageni. "Alikaa muda gani kwenye maji kabla hajafa?" Alimuuliza kila aliyekuja kumpa pole, hata mwinjilisti. Watu walikohoa, wakatazama dari, wakakumbuka kwamba wameacha chungu jikoni. Aliponiuliza mimi nilisema sijui. Nililisema neno hilo asubuhi na jioni mpaka likaacha kuniumiza mdomo. Na mama alikuwa anaisha. Shingo yake ilibaki mishipa tu. Nilikuwa nikiamka, kabla sijasali, naangalia kama kifua chake kinapanda.

Siku moja nilimtoa nje kwa hila, nikamwambia nimeshindwa kuchagua uwele mzuri, anisindikize soko la Majengo. Pale sokoni, katikati ya wauza nafaka, alikuwa amefungua kibanda mtu aliyekuwa mtunza stoo wa ofisi yetu kabla ya kupunguzwa kazi. Wenzake waliopunguzwa walifungua genge au mashine ya kusaga. Yeye alitundika ubao: SAFARI ZA VISIWANI KWA BEI NAFUU, MKAONE KASA NA MATUMBAWE. Mtu wa Singida anawauzia watu wa Dodoma bahari, vumbi la pumba likimwingia puani. Nilimwona mwendawazimu, na nilishamwambia hivyo.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama. "Marahaba baba." Mimi nikamuuliza biashara inaendaje.

"Ah, dada, tutafanyaje? Mfa maji haachi kutapatapa."

Alijisikia mwenyewe alipokwisha kusema. Akaziba mdomo kwa mkono. Nilitaka kumrushia mfuko wa uwele usoni, na ningeurusha, ila mama hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya kalenda iliyobandikwa ukutani: kasa anapita juu ya matumbawe, miguu ya mbele kaitanua, jua limeshuka mpaka chini.

"Kobe huyu yuko angani?" aliuliza.

"Yuko chini ya maji, mama. Huyo ni kasa, kobe wa baharini."

"Na aliyempiga picha alikuwa wapi?"

"Chini huko huko. Kuna miwani ya kuvaa, na mrija wa kupumulia. Mteja wangu anaelea tu juu, anatazama chini kama anatazama kisimani."

Mama aligusa picha kwa kidole. "Alikuwa chini ya maji, akaona, akarudi?"

"Akarudi, mama."

Akanigeukia. "Nipelekeni. Nikiona, nitaanua matanga."

Nilikataa. Nilisema bahari si Mtera, nilisema yeye ni mtu mzima, nilisema mambo mengi ya busara ambayo sasa nikiyakumbuka naona yalikuwa woga tu. Hakubishana nami. Alirudi kwenye mkeka wake, na kuanzia jioni ile ugali nilioweka mbele yake ulipoa hapo hapo. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Alinitazama kwa huruma kama mimi ndiye mgonjwa. Nilipoona hata uji anauacha, nilikwenda Majengo nikamwambia yule mwendawazimu atuandikie nafasi mbili.

Akaleta miwani nyumbani tufanye mazoezi. Aliipata kwenye mtumba, kati ya makoti ya baridi, miwani moja kubwa ya mpira na kioo, na mrija wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuivaa ndani ya maji, lakini alitufundisha kwa sauti ya mwalimu mkuu. Tulijaza beseni la bati, lile lenye maua yaliyochorwa chini, tukaliweka uani juu ya kigoda. Maji ya ndoo nzima, Kizota, wakati wa kiangazi! Majirani walijaa kwenye ua wa mabua. "Leo Wagogo wanageuka samaki," alisema mmoja, na mwingine akauliza kama maji hayo yatafulia nguo baadaye. Yatafulia, nilimjibu, na yakibaki nitakumwagia.

Mama aliinama. Mrija ulikoroma. Nilihesabu pumzi zake kwa hofu, mkono wangu mgongoni kwake, naisikia mifupa. Alikaa humo mpaka majirani wakanyamaza. Alipoinua uso, maji yakimtiririka kidevuni, alisema, "Maua yanaonekana vizuri." Usiku huo alikula. Na mimi, mjinga, nikaanza kutumaini.

Safari ilikuwa ya watu wachache, sisi na walimu wa kike wawili waliodunduliza kwa muda mrefu. Tulikwenda kwa basi, tukalala kwa ndugu Dar es Salaam, asubuhi tukawa Kunduchi. Mama aliitazama bahari tangu mwanzo wa upeo wa macho yake hadi mwisho.

"Hili nalo nani alilijenga?"

"Halikujengwa, mama. Liko tu."

Alitikisa kichwa. Bwawa lililommeza mwanawe lilikuwa na ukuta na watu waliolijenga, watu wa kulaumiwa. Hapa hapakuwa na wa kumlaumu. Nadhani hilo lilimchosha zaidi ya safari.

Nahodha wa boti alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na utani. Alimwita mama bibi harusi tangu anamshika mkono kumpandisha, na mama hakucheka, naye hakukoma. Boti ya mashine ilitufikisha karibu na kisiwa kidogo, akatia nanga. Alimfunga mama kanga vizuri kiunoni, akamvisha ile miwani yetu, akamkalisha ndani ya tyubu ya tairi la lori, akamteremsha. Mimi nilipewa miwani ya boti. Nilining'inia kwenye kamba iliyofungwa ubavuni mwa boti kwa mikono miwili, nikatia uso majini.

Kwanza niliona uharibifu. Wavuvi wa baruti walikuwa wamepita hapo, matumbawe yamelala vipande vipande kama vyungu vilivyoangushwa sokoni. Lakini mbele kidogo yalikuwa mazima, ya zambarau, ya manjano, mengine kama matawi ya mti usio na majani, na samaki wadogo wanaingia na kutoka bila haraka. Mwanga ulifika mpaka kwenye mchanga. Sikutegemea uzuri ule, na ulinikasirisha. Nilimfikiria mdogo wangu kwenye tope la Mtera, nikaona kama tumemsaliti kwa kuja kutazama pazuri.

Kisha kasa akaja. Alipita chini ya mama, mzito na mpole, na mama akageuza kichwa kumfuata. Nikaona mikono yake inaiachia tyubu.

Aliteleza katikati ya mpira akazama. Hakupiga maji. Kanga ilifunguka ikatanda juu yake, naye akashuka uso ukiwa chini, mkono mmoja mbele, kama mtu anayepapasa kitanda gizani kumtafuta mtoto. Nilipiga kelele nikanywa bahari. Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Kamba ilikuwa mikononi na mama yangu alikuwa karibu kuliko urefu wa chumba, na sikuweza kumfikia. Hapo ndipo nilipomwelewa yule rafiki juu ya mti wake mkavu.

Nahodha alijitupa na nguo zake. Alimpandisha botini pamoja na kanga yake, akamlaza ubavu, mama akatapika maji ya chumvi. Walimu walikuwa wanalia. Neno lake la kwanza lilikuwa la hasira.

"Mbona mmenitoa? Nilikuwa naona."

"Bibi, unataka nifungwe jela?" Nahodha alikuwa anahema, utani umemwisha wote. "Huko si kwa kukaa. Hata kasa mwenyewe hakai. Kasa anavuta pumzi kama mimi na wewe, lazima apande juu. Wavu ukimnasa tunamkuta amekufa maji."

Mama alijiinua akaketi. "Kasa? Anakufa maji?"

"Anakufa, bibi. Na bahari ni kwao."

Tangu msiba alikuwa akijilaumu kwamba alimlea mwanawe mbali na maji, asijue kuogelea. Niliona lawama hiyo inapita usoni kwake ikitafuta pa kukaa. Halafu akauliza, na nilijua atakachouliza kabla hajafungua mdomo.

"Akinaswa, anakaa muda gani?"

"Kasa ni mvumilivu. Anakaa sana."

"Na mtu?"

Nahodha alianza kujibu, akatuona sisi. Alitazama kanga nyeusi ya msiba aliyovaa mama, akanitazama mimi. Sikumwambia kitu, ila nadhani uso wangu ulimwambia kila kitu. Alishika usukani ambao haukuwa na haja ya kushikwa.

"Mtu si muda mrefu, mama," alisema taratibu, na hakumwita tena bibi harusi. "Mtu ni mara moja. Kama kuzima taa."

Mama akanigeukia, midomo imembadilika rangi kwa baridi, chumvi imemkauka kwenye nyusi. "Ndivyo?"

Moyo wangu ulikuwa umejaa ile sauti ya korido. Aliita muda mrefu sana. Nikasema, "Ndivyo, mama. Mara moja."

Tuliporudi Dodoma alituma watu wakawaite ndugu. Alipika mwenyewe. Yule rafiki wa Mtera naye alikuja, hakuwa amekanyaga kwetu tangu msiba, akaketi karibu na mlango akiwa tayari kukimbia. Mwinjilisti aliomba. Mama alisimama mbele ya watu, akakunja ule mkeka kwa mikono yake, akasema amekwenda mbali, ameangalia chini ya maji, ameuliza wanaojua. Mwanawe hakuteseka. Alikwenda mara moja.

Kisha akamtazama yule rafiki pale mlangoni. "Wewe ulikuwepo, baba. Si ndivyo?"

Sebule yote ilimgeukia. Alinitafuta kwa macho, na mimi nikainamisha yangu sakafuni, kwenye alama nyeupe iliyoachwa na mkeka.

"Ndivyo, mama," alisema.

Mama akashusha pumzi, akaanza kugawa chakula. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, alikula, alilala vizuri. Sisi wawili ndio tuliobaki na ile sauti.