Lengo la Sweta za Kijani

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tukifuma sweta za shule pale Tala, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Mashine ilikuwa moja. Mmoja akifuma, mwenzake anaunga mikono ya sweta. Kutafuta wateja kwetu kulikuwa kuning'iniza sweta mlangoni na kungoja.

Agosti moja kanisa likatuita semina, sisi wenye biashara ndogondogo. Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja kutoka Machakos mjini, mwenye duka lake mwenyewe. Akauliza kila mtu anataka nini. Nikasema nataka wateja wengi.

"Hata mimi nawataka," akanijibu. "Wateja gani? Wako wapi? Wanunue nini, mpaka lini? Kama huwezi kujua siku umefika, hilo si lengo, ni maombi."

Watu walicheka. Nilikasirika, lakini asubuhi yake tulikaa na dada tukaandika kwenye karatasi: shule moja ya Katangi, kila mzazi aone sweta yetu kabla shule hazijafungwa Novemba, watoto arobaini waivae Januari. Tulichagua Katangi kwa sababu kina mama wa huko walikuja mpaka Tala kutafuta sweta, na hakuna fundi aliyekuwa anawafuata.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu wa maneno machache. Aliigeuza sweta tuliyompelekea ndani nje, akavuta mshono kwa nguvu zote.

"Kazi ni safi," akasema. "Lakini kijani chetu kimekolea kuliko hiki."

Tukatafuta uzi wa kijani hicho, tukarudi. Akatupa nafasi ya kuongea na wazazi siku ya kufunga shule.

Siku hiyo ilipofika, mvua ya Novemba ilikuwa bado haijanyesha. Watu walikuwa wamepanda mbegu kwenye vumbi, wakiingoja. Dada aliongea kwa Kikamba, akawachekesha, sweta ikapita mkono kwa mkono. Wazazi wote waliiona. Lakini hakuna aliyeuliza bei. Mtu anayetaka kununua huanza kwa kukubishia.

Mama mmoja akaja na watoto wake watatu. "Mwaitu," akaniambia, yaani mama yetu, ingawa nilikuwa mdogo kwake. "Wapime hawa."

"Utachukua lini?"

"Wewe pima tu. Mungu akileta mvua, utakuwa unajua vipimo vyao."

Nikapima. Nyuma yake foleni ikajipanga, na sikupata moyo wa kuifukuza. Niliandika vifua na mikono ya watoto mpaka kitabu kikajaa.

Tulizifuma zote arobaini. Tungefanyaje? Lengo lilikuwa Januari.

Mvua haikuja. Januari niliposhuka Katangi na magunia mawili ya sweta, darasa la kwanza lilikuwa na watoto wachache, mmoja amevaa koti la baba yake. Mwalimu mkuu alinipa kiti.

"Nimewaambia waje na nguo yoyote, bora waje," akasema. "Ni yua, dada. Njaa. Siwezi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya sweta."

Nilimwambia amefanya vizuri. Ningemwambia nini kingine?

Tulijaribu kupunguza lengo. Sweta ishirini, kisha kumi. Tukasema walipe kidogokidogo. Tukazitembeza shule nyingine, lakini kijani kile kilikuwa cha shule moja tu. Mwishowe nilienda Machakos mjini kumwona yule mama wa semina, nikamwekea karatasi yetu mezani nimwombe anionyeshe tulipokosea. Aliisoma, akairudia. Akaniuliza kama wazazi waliiona sweta, kama waliipenda. Nikasema ndiyo.

"Basi hakuna kosa hapa," akasema polepole.

Nilitamani sana alione kosa. Kosa ningelirekebisha.

Mwezi wa tatu dada akapata kazi katika kiwanda cha nguo Athi River. Hakutaka kwenda. Alisimama mlangoni na begi lake, akaniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikamwambia nitaweza, naye akajua nadanganya, akaenda hivyo hivyo kwa sababu mmoja wetu ilibidi ale.

Nilirudi ndani nikafungua dirisha. Mchana kutwa aliingia mzee mmoja tu, amebeba gunia la mahindi ya msaada lililochanika pembeni. Aliuliza kama ninaweza kulishona kabla hayajamwagika yote njiani. Nikachukua sindano kubwa, nikapiga magoti sakafuni, nikalishona.