Uzi wa Zahida kwenye Kaburi la Begum

Zahida aliuza mapera langoni mwa bustani ya Khusro, pale Allahabad. Kila Alhamisi, kabla hajapanga biashara yake, aliingia ndani kuangalia uzi wake mwekundu kwenye dirisha la mawe la kaburi la Begum, binti mfalme wa kale. Aliufunga wiki ileile mwanawe Iftikhar alipopanda treni kwenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya nguo vya Surat, akapotea moja kwa moja. Kwetu uzi unafungwa kwa ombi; likikubaliwa, unarudi kuufungua. Basi yeye akangoja, miaka ikaenda.

Angengoja peke yake ningenyamaza. Lakini alimngojesha na Tarannum, mkamwana wake. Fundi baiskeli mmoja aliyefiwa na mke, mtu wa heshima zake, alileta posa. Zahida akamtimua mshenga mbele ya majirani.

"Mumewe yu hai! Begum hajanijibu bado! Toka hapa!"

Ubishi gani ule, jamani! Na Tarannum anakuna nazi tu.

Alhamisi moja mwalimu alileta wanafunzi wake bustanini. Akasimama karibu na Zahida, akapiga kofi ukuta wa kaburi.

"Hili halina mtu. Begum alijijengea akiwa hai, lakini hakuzikwa humu."

"Halina mtu vipi, baba?" Zahida akauliza.

"Tupu, bibi. Tangu enzi hizo za wafalme."

Zahida aliacha kapu la mapera palepale, akaenda nyumbani mbio mbio, kanga ya kichwani inamdondoka. Tarannum alikuwa anakanda unga wa chapati.

"Mwanangu, mwite yule mshenga! Mwambie nimekubali. Kumbe nilikuwa naomba kwenye nyumba isiyo na mtu!"

Tarannum hakuinua uso. "Fundi alishaoa, mama. Ana watoto wawili."

"Ee Mungu wangu! Na mimi nilivyodanganyika na lile kaburi…"

"La kaburi nilijua."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ulipofunga uzi. Mtaa mzima unajua."

"Sasa mbona hukuniambia, mwanangu? Hata siku ile ya posa?"

"Ningekwambia, ungelala vipi?"

Akaongeza maji kwenye unga, akaendelea kukanda. Mvi zilishamwingia pembeni mwa uso, na Zahida ndiyo kwanza anaziona. Akakaa chini kizingitini akalia kwa sauti, na safari hii hakumlilia Iftikhar.