Asali kwenye Kidole cha Mke Wangu

Sijui kama nina haki ya kuandika haya, kwa kuwa aliyetia kidole ni mke wangu, siyo mimi. Lakini aliyemtuma ni mimi. Hilo liandikwe kwanza.

Mbwa wetu hapa Rugenge alikuwa mwekundu, mwenye sikio moja lililopasuka. Msimu wa mvua uliopita alikohoa mpaka akakonda. Mama mkwe wangu akateremka kutoka Rurambo na chupa ya asali nyeusi. Kwao wachungaji huwapa mbwa asali ukungu unapozidi, wasije wakakauka koo na kushindwa kubweka. Tena hawaiweki kwenye sahani.

"Kwa sahani atailamba tu," alituambia. "Muntu anapakaza na kidole, huku nyuma, kwenye koo."

Akampakaza mwenyewe. Siku ya tatu mbwa alikuwa mzima. Labda angepona hata bila asali. Mimi nilifika darasa la sita tu, siwezi kubisha. Lakini alipona.

Ndiyo maana kiangazi kilipofika, mbwa akaanza kumeza kwa shida, hatukuuliza mtu. Mate yalimshuka kama nyuzi. Sauti yake ilibadilika, kama ya mtu anayeita kutoka ndani ya pipa.

"Kile kikohozi kimerudi," nilimwambia mke wangu. "Leta asali."

"Na weye hauna kidole?"

"Weye ndiye mbwa anakuzoea."

"Sema unaogopa."

"Naogopa kidogo."

Akacheka, akafuta mikono kwenye kitenge. Asubuhi ile, akimenya mihogo, kisu kilikuwa kimemkata kidole. Nimejaribu kujidanganya kwamba sikukiona kidonda. Nilikiona. Akachovya kidole hicho hicho, kwa kuwa asali tunapaka vidonda pia.

"Vitapona vyote viwili," alisema, akakiingiza mdomoni mwa mbwa mpaka nyuma kabisa.

Kesho yake mbwa hakugusa maji. Siku ya nne aliuma mguu wa meza, akatoka akiyumba, akafa kwenye mtaro. Tulimzika, tukasema ni kikohozi.

Siku ya tisa nilimsimulia enfirmie, muuguzi wa mtaa wetu, kwa maongezi tu. Mwanzoni alikuwa akicheka nilivyoogopa kutia kidole. Nilipofika kwenye mate, akasimama.

"Bibi yako, ule alitia kidole, iko wapi sasa?"

"Iko nyumbani."

"Mulete. Sasa hivi. Ule mbwa alikuwa na kichaa."

Mke wangu alichomwa sindano ya kwanza siku hiyo, nyingine zikafuata. Enfirmie hakutuficha: tumechelewa, lakini kuchelewa ni bora kuliko kuacha. Ugonjwa huo unaweza kulala mwilini miezi mingi. Ukiamka, mtu anashindwa kumeza, anaogopa maji, na hapo hakuna dawa tena.

Mama mkwe alipiga simu akilia. "Mukwe, nimeua mtoto wangu?"

Nilimjibu hapana. Yeye alitufundisha dawa ya kikohozi. Aliyesikia sauti ile ya pipa akaiita kikohozi ni mimi.

Tangu hapo, kila asubuhi mke wangu akichota maji ya kunywa, mimi nasimama mlangoni nikijifanya natafuta viatu.

"Umeona viatu?"

"Bado."

"Basi angalia koo yangu vizuri, pengine viko humu."

Anakunywa yote, anageuza kikombe juu chini mbele ya macho yangu. Sindano zimekwisha, lakini mchezo huo hatujauacha.

Leo kikombe kilifika kwenye midomo yake kikasimama. Akakiweka mezani.

"Maji iko baridi," alisema.

Ni kweli, upepo wa ziwa ulivuma tangu alfajiri, hata mimi nilivaa koti. Lazima niliandike hilo pia. Hakugeuza kikombe, wala hakunitania habari za viatu.

Nimewasha makaa, nimeyabandika maji yale yale. Yeye amekaa kwenye kiti, ananitazama. Naandika huku nikingoja yapate moto.