Saa ya Fundi Cherehani

Jirani yangu, fundi cherehani, hukaza midomo hata asipokuwa na pini kinywani, na akiwa majini hufanya vivyo hivyo: huzuia pumzi mpaka macho yanamtoka. Katika umri wake huu mkubwa, na moyo wenye hitilafu, anajiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya kuogelea, baiskeli na mbio. Daktari alimkataza, naye akaitikia kwa adabu, kisha akajishonea kaptura ya kuogelea. Mkewe amemvalisha saa inayohifadhi mapigo ya moyo na kulia yakizidi, na kila jioni huikagua kama anayekagua masikio ya mtoto. Saa ikilia kilimani, fundi huipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama anayelainisha upindo.

Leo, ukingoni mwa bwawa, aliivua saa akanivalisha mimi.

“Wewe kaa tu hapo, ndugu yangu. Leo shemeji yako aone moyo umetulia.”

“Na wako je?”

“Wangu umekaa sana. Hata kiti kimenichoka.”

Akakaza midomo, akazama. Maji yakatulia juu yake, yakazidi kutulia. Nilikaa kama nilivyoagizwa, bila kutikisika, macho pale alipozamia, na saa ikaanza kulia.