Vikombe Vilivyomnyima Batula Hina

Ijumaa saa tatu asubuhi, mlango wa tanuri bado umefungwa, na Batula Korane hatulii. Anakaa, anainuka, anausogelea, anarudi nyuma.

"Usiguse!" ananionya. "Tanuri likifunguliwa likiwa bado na joto, vyote vinapasuka."

Tuko Hockley, Birmingham, katika karakana ya Bibi Qiu, fundi wa vyombo vya chai vya kauri kutoka China. Batula, mwenye miaka 49, aliyekulia Garissa, amemchovyea vikombe kwa miaka sita. Anashika kikombe kwa ncha za vidole, anakizamisha kwenye uji wa mawe na jivu, anakitoa. Uji huo, wenyewe wanauita glezi, ukichomwa hugeuka ngozi ya kioo, kijani hafifu kama tango lililomenywa.

Nilidhani ni kupaka rangi tu. Kumbe! Glezi ikizidi, hutiririka na kukigandisha kikombe tanurini. Ikipungua, kikombe hutoka kimepauka.

"Glavu hazifai, zinateleza," anasema Batula. "Kidole ndicho kinakuambia imetosha."

Na kidole hichohicho ndicho kilichomponza.

Baada ya Idd alichovya vikombe vya bintiye, Deeqa, aliyekuwa anakaribia kuolewa. Siku ya saba baada ya harusi, wanawake wa Kisomali humtembelea bibi harusi nyumbani kwake, na Batula alitaka wanywee chai kwenye kazi yake mwenyewe. Lakini vilitoka na mabaka makavu, glezi imejikunja pembeni.

"Wallahi nililia. Nilijua nimekosea kuchanganya. Bibi Qiu akashika mkono wangu, akaunusa, akauliza, 'Hii ni nini?'"

Yalikuwa mafuta ya simsim. Batula alikuwa amepaka hina ya Idd, na hina hupakwa mafuta siku kadhaa ili ikolee. Penye mafuta, glezi haishiki.

Nafasi nyingine ya tanuri ilipatikana wiki ileile ya harusi. Ikawa ni hina au vikombe. Jumamosi iliyopita Batula aliingia ukumbi wa harusi, mtaani Sparkhill, akiwa na mikono isiyo na hata doa.

"Mashangazi walinisema hao! 'Mama wa bibi harusi, mikono kama ya mfiwa?' Iliniuma sana. Na kwa hiyo kelele ya ngoma, ningeanzia wapi kueleza mambo ya glezi?"

Kesho ndiyo siku ya saba. Vikiharibika na hivi, hakuna vingine.

Bibi Qiu anafungua mlango. Ndani kunasikika ti, ti, ti. Mwenzenu nashtuka nikidhani mambo yameharibika, lakini Batula anacheka.

"Tulia. Ni glezi inafanya nyufa ndogondogo. Tunazitaka. Chai ikiingia humo miaka na miaka, inavichora."

Bibi Qiu anageuza kimoja baada ya kingine kwenye mwanga wa dirisha. Anapofika cha mwisho, anatikisa kichwa kukubali.

"Vizima vyote."

Batula anapiga kigelegele mpaka mafundi wa karakana ya jirani wanachungulia. Anafuta machozi kwa aproni, kisha ananieleza mpango wake: kutengeneza vikombe vikubwa zaidi, vya chai ya maziwa na iliki, awauzie akina mama wa mtaa wa Stratford Road.

"Wateja wa kwanza ni haohao mashangazi," anasema. "Kesho nitawaacha wanywe, wavisifu. Wakiuliza nimevinunua duka gani, nitawanyooshea hii mikono."