Chumba cha Neema kimekuwa ofisi

Leo nimemhuzunisha binti yangu kwenye simu, na sikukusudia.

Neema anasoma Kanada. Mimi natafsiri Kifaransa hapa nyumbani, mtaa wa Ntinda, na meza ya kulia chakula imeniumiza mgongo vya kutosha.

Basi asubuhi fundi akatoa kitanda cha Neema, tukaweka meza mpya pale dirishani. Pamependeza, jamani.

Nikampigia video nimwonyeshe.

"Unaionaje ofisi yangu?"

Akasogeza uso karibu na skrini.

"Mama, sasa nikirudi nitalala wapi?"

"Kitanda kipo sebuleni. Nakirudisha leo hii."

"Acha tu, Mama. Nimeuliza tu. Sirudi karibuni."

Tukaagana. Nikabaki nimekaa pale, kazi sijaigusa.

Wazazi wenzangu, vyumba vya watoto wenu mlivifanyaje?